Firigisi ya Mgeni

Jogoo mwekundu alishachinjwa kabla Pascalia hajaambiwa mgeni ni nani.

"Ni mtoto wa Mwalimu Barasa, wa pale Amalemba, Kakamega mjini," mama yake alisema, akimimina maji moto juu ya manyoya. "Yule anasomeanga uinjinia Nairobi. Babako na babake walikutana Lubao kwa soko ya ng'ombe, wakaongea, wakasema kijana aje akushauri."

Pascalia alikuwa amemshika jogoo miguu. Akamwachia. Jogoo alitumbukia karaini na maji yakaruka hadi kwenye leso ya mama mtu.

"Woi! Pole, mama!"

"Mimi sijaungua. Angalia wewe usiungue." Rosebella alimwopoa jogoo, akaanza kumnyonyoa bila haraka. Hakumtazama binti yake, na kule kutomtazama kulisema mengi. "Andati ndilo jina lake. Sijui kama umewahi kulisikia."

Kulisikia! Jina hilo Pascalia alikuwa analala nalo na kuamka nalo tangu kidato cha pili, siku ya kongamano la sayansi pale Kakamega mjini, mvulana mrefu wa shule nyingine alipokuja kwenye meza yake na kumuuliza ile kengele yake ya umeme inaliaje. Kengele ilikuwa imekataa kulia tangu asubuhi, na mvulana alikuwa ameona hivyo. Aliuliza tu. Walisimama pale wakaongea juu ya kengele isiyolia hadi mwalimu wa zamu akaja kuwatenganisha.

Mama alijua. Mama hujua. Baba ndiye ambaye hakujua, au angalau ndivyo walivyoamini wote wawili.

"Kwa nini baba amwite yeye, wa watu wote?" Pascalia aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kwa sababu chuo chao kimefungwa tena na yuko nyumbani anakula ugali wa babake bure. Babako anataka umwone kwa macho yako. Anataka akuambie vile uinjinia ni mateso, vile watu hukaa huko miaka wakifukuzwa na kurudishwa. Ndiyo uogope. Ndiyo uende Maseno usomee ualimu, ukuje nyumbani kila wikendi." Rosebella akang'oa unyoya mkubwa wa bawa. "Jumatatu si ndiyo unarudi shule kumwambia mkuu wako umechagua chuo gani?"

"Jumatatu."

"Basi mpaka leo jioni hii nyumba itakuwa na neno moja."

Neno moja! Nyumba ilikuwa na mawili tayari, na moyoni mwake kulikuwa na la tatu. Baba alitaka Maseno. Andati, katika kila barua, alitaka Nairobi. Na yeye mwenyewe, aliyepata alama ya A kasorobo kwa kusomea koroboi, alitaka Eldoret, na hajawahi kupata mtu wa kumuuliza.

Mgeni alifika jua likiwa utosini, juu ya baiskeli, amejaa vumbi jekundu la barabara ya miwa mpaka kwenye nyusi. Shati lake jeupe lilikuwa limegeuka rangi ya tofali. Akashuka, akapangusa kiganja kwenye suruali, akakitoa kwa Mzee Patroba, baba yake Pascalia, pamoja na mfuko wa zawadi: mkate mmoja na kilo mbili za sukari.

"Sukali?" Mzee Patroba aliukagua mfuko. "Kijana, umetoka Kakamega mpaka hapa umepita katikati ya miwa yangu, ukaniletea sukali?"

"Pole, mzee. Mama alisema nisije mikono mitupu."

"Mamako ana heshima." Akaupokea kwa mikono miwili, maana mkulima wa miwa naye sukari huinunua dukani kama watu wengine. "Karibu. Mulembe."

"Mulembe, mzee."

Pascalia alitoka jikoni na birika la maji na karai. Mbele ya baba yake alipiga goti nusu kama alivyofunzwa, akammiminia mgeni maji mikononi. Mikono ile aliijua. Ilikuwa na kovu dogo kwenye kidole gumba, la kisu cha kuchonga penseli. Andati alinawa polepole kama mtu anayenawa dhambi, na maji yalipokwisha aliendelea kusugua mikono mikavu.

"Maji yameisha," Pascalia alisema, macho chini.

"Asante, dada."

Dada! Nusura birika limtoke. Akarudi jikoni mbio, akamkuta mama yake amejiziba mdomo kwa leso, mabega yanacheza.

Mzee Patroba hakuwa mtu wa kupoteza fundi. Alimketisha mgeni barazani, akamletea redio yake iliyokuwa bubu tangu Krismasi. "Hebu nitazamie hii ladio wakati chakula kinaiva. Wewe si injinia?"

"Mzee, mimi nasomea barabara na madaraja."

"Daraja ni kubwa, ladio ni ndogo. Mkubwa hashindwi na mdogo." Akaenda zake kumhamisha ng'ombe kivulini. Kisha, akiwa mbali, akageuka na kuita, "Pascalia! Mletee mgeni bisibisi!"

Ndivyo walivyopata nafasi, kwa amri ya baba mwenyewe.

Alimkabidhi bisibisi, akasimama upande wa pili wa nguzo ya baraza, ili yeyote atakayetazama kutoka zizini aone msichana na nguzo.

"Nimekukosa," Andati alisema, ameinamia redio.

"Ongea na hiyo redio, usinitazame."

"Redio, nimekukosa."

Pascalia alicheka bila kupenda, kisha kicheko kikamwishia. "Unajua umeitiwa nini?"

"Nikutishe."

"Na utanitisha?"

"Nitakuambia ukweli. Shida ziko. Lakini si niliandika? Jaza Nairobi, Pasi. Nitakuwa hapo. Hutapotea, hutalala njaa, hutasumbuliwa na mtu."

"Kwa pointi zangu Nairobi hawatanipa uinjinia wa umeme. Mwalimu wa fizikia aliniambia wazi. Watanitupa kozi nyingine, sijui ya kuhesabu panzi."

"Si utakuwa Nairobi? Panzi ni panzi, lakini tutakuwa pamoja."

Pascalia aliinua macho juu. Nyaya za stima zilipita pale pale juu ya paa lao la mabati, kutoka nguzo hadi nguzo, zikienda kiwanda cha sukari. Tangu utotoni alizisikia zikivuma usiku huku yeye ameinamia koroboi, moshi ukimwingia puani, na asubuhi akienda shule na masizi kwenye pua, wenzake wakimcheka. Alikuwa ameapa kwamba siku moja atajua kilicho ndani ya waya ule na kwa nini unampita. Walipotembezwa Eldoret na klabu ya fizikia, alimwona msichana amevaa ovaroli, nywele amezifunga kwa kitambaa, amefungua mtambo mkubwa kuliko kabati, na hakuna aliyekuwa anamshangaa. Pascalia peke yake ndiye aliyemshangaa. Basi la shule lilibaki kidogo limwache.

"Eldoret watanipa," alisema. "Umeme wenyewe."

"Eldoret ni mbali."

"Mbali na wapi?"

Bisibisi ilisimama. "Mbali na mimi."

Aliyatamka kwa unyonge. Ni rahisi kumkatalia mwanamume anayefoka; anayeomba ndiye tabu.

"Siku moja mvulana mwingine atakuja kwa meza yako," Andati aliendelea, "akuulize kengele yako inaliaje. Na mimi nitakuwa Nairobi napima lami."

"Nitamwambia inalia vizuri, aende."

"Pasi, mimi sichezi."

"Hata mimi sichezi! Nikija huko kuhesabu panzi, nitakuona kila siku, ndiyo. Na kila siku nitakumbuka ni wewe ulininyima stima. Unataka kupendwa hivyo?"

Andati aliiweka bisibisi chini. Vumbi la barabarani lilikuwa limemkauka usoni, na macho yake ndani ya vumbi hilo yalikuwa mekundu. Pascalia alitamani kuinua upindo wa gauni lake ampanguse. Badala yake alishika nguzo.

"Chakula!" Rosebella aliita.

Basi na iwe, Pascalia alijiambia akiingia ndani. Kama mapenzi yanaisha leo, yaishe nikiwa nimesema langu. Lakini machozi hayakusikia hoja hiyo. Ilibidi apitie jikoni kwanza, asingizie moshi.

Mezani kulikuwa na obusuma, ugali mkubwa wa mtama, mboga za kienyeji, na bakuli la ingokho, yule jogoo mwekundu, lililofunikwa. Nyumba ya Mzee Patroba ilikuwa nyumba ya Kikristo na ya kisasa, wanawake walikula kuku kama wanaume na Mungu hakukasirika. Ila kipande kimoja. Firigisi, ile imondo ya wazee, ilikuwa ya mwenye nyumba. Aliyeila ndiye aliyekuwa na neno la mwisho chini ya paa hilo. Mgeni mzito akija, mwenye nyumba humwachia kwa heshima, na mgeni huila pale pale bila maneno. Hairudishwi. Haigawanywi. Na tangu mlango ule utiwe bawaba, haijawahi kuingia kinywani mwa mwanamke. Rosebella alikuwa ameipika kwa miaka ishirini na zaidi na hakujua ladha yake.

Mzee Patroba aliomba, akafunua bakuli, akaichukua firigisi kwa vidole vitatu na kuiweka kwenye sahani ya Andati.

"Mgeni wangu," alisema, "nimekupa hii ili useme na nguvu. Mwambie huyu mtoto. Uinjinia ni kitu ya mwanamke? Nani amewahi kuona mke wa mtu juu ya nguzo ya stima? Mwambie vile mnafukuzwanga. Mwambie Maseno ni karibu, na mwalimu analalanga kwake. Sema. Wewe ndiyo umeona."

Wote walimtazama Andati. Andati alitazama firigisi.

"Mzee, shida ni kweli ziko," alianza. "Mwaka wangu wa kwanza bado haujaisha na ulikuwa uishe zamani. Hesabu ni ngumu. Darasa letu wasichana ni wachache, na mwanzoni walichekwa. Sasa hivi mmoja wao ndiye tunanakili kazi yake."

"Ehe. Kwa hivyo Maseno."

"Hapana, mzee. Mimi leo sikukuja na neno la Maseno. Nilikuja na langu. Nilitaka nimwambie aje Nairobi."

"Nailobi? Kwa nini Nailobi?"

"Kwa sababu..." Na hapo kijana wa watu, aliyeweza kupima daraja, akakosa pa kukanyaga. "Kwa sababu mimi niko huko."

Mwiko ulianguka jikoni, na hakukuwa na mtu jikoni. Labda alikuwa paka. Pascalia alihisi damu yote imepanda masikioni. Baba yake alikuwa ameacha kutafuna.

"Lakini ni makosa," Andati aliendelea haraka, kama mtu ambaye amekwisha kuanguka mtoni na sasa anaogelea tu. "Ameniambia leo pale barazani anataka nini, na hata nikaona hasira. Wewe unataka Maseno usimkose. Mimi nataka Nairobi nisimkose. Mzee, aliyefanya mtihani ni yeye."

Kisha akaichukua firigisi kutoka sahani yake, akanyoosha mkono mezani, na kuiweka kwenye sahani ya Pascalia.



Mzee Patroba alisimama. Kiti kilirudi nyuma kikagonga ukuta. Alimtazama kijana, akamtazama binti yake, akaitazama firigisi ile iliyolala kwenye sahani ya mwanamke chini ya paa lake, akatoka nje bila neno.

"Uuui, mtoto wa watu!" Rosebella alinong'ona, mikono kichwani. "Kwani kwenu hawakukufunza? Umempokonya mzee nyumba yake!"

"Mama, nimefanya nini?" Andati alikuwa amepauka. "Nyumbani kwetu firigisi ni ya aliyefaulu. Baba anampanga mtu na ripoti yake. Dada yangu Beverly ameikula miaka yote, mimi nimeipata mara mbili tu. Aki mama, sikujua!"

"Amalemba!" Rosebella alisema, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Pascalia hakusikia zaidi. Alikuwa anatazama kipande kile cha nyama kwenye sahani yake na kuelewa. Andati angeweza kusema maneno matamu, wavulana wote wanayajua. Yeye alimpa kitu cha thamani kuliko vyote mezani, hata bila kujua bei yake. Moyo ulimjaa hadi ukauma. Na hapo hapo aliogopa, kwa sababu huko nje baba yake alikuwa kimya, na ukimya wa Mzee Patroba ulikuwa mbaya kuliko fimbo yake.

Wakasikia kofi. Kofi moja zito, barazani.

Halafu wakasikia muziki.

Mzee Patroba aliingia ameshika redio mkononi. Ilikuwa inaimba kwa nguvu, rumba tupu, gita zinabishana. Aliizima, akaiweka juu ya kabati, akaketi.

"Nilitoka nje nisimpige mgeni kofi," alisema. "Nikapiga ladio."

Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Imepona," akaongeza, na ukingo wa mdomo wake ukatetemeka. Akamgeukia Andati. "Wewe unafikiri mimi ni kipofu? Kila likizo huyu mtoto anaendanga Kakamega kusoma maktaba Jumamosi, anarudi ananukia mandazi ya stendi. Maktaba gani inapika mandazi? Nikamuuliza babako pale Lubao. Akacheka. Nikasema, basi nitamwita huyo kijana, nimwekee filigisi, nimwone. Kama ni mlafi, ataila na kusema vile mimi nataka kusikia, ili nimpende. Kama ni mjeuri, ataila na kusema yake. Hii ya kumpa msichana..." Alitikisa kichwa. "Hii hata babu yangu hakuiona."

"Nisamehe, mzee."

"Nikusamehe nini? Nimesimama hapo nje nikajiuliza, ni nani amefaulu kwa hii nyumba? Mimi niliachia darasa la sita." Sasa alimgeukia binti yake, na uso wake mkali ulikuwa umelegea, ukawa uso wa mzee aliyechoka kuogopa. "Pascalia. Wewe unataka wapi?"

Maneno hayo matatu! Alikuwa ameyangoja tangu matokeo yatoke, na yalipofika alitaka kulia kuliko kujibu.

"Eldoret, baba. Uhandisi wa umeme."

"Utapanda nguzo?"

"Ikibidi, baba."

"Na stima utaileta hapa?"

"Ya kwanza nitaanza na hapa."

Mzee Patroba alitazama dari kwa muda, kule nyaya zilikopita. Akashusha pumzi, ndefu, ya mtu aliyetua mzigo wa miwa. "Nilikuwa naogopa unaenda mahali kwa sababu ya mwanaume. Kumbe mwanaume yuko Nailobi na wewe unaenda Eldoret." Akamkazia macho Andati. "Eldoret na Nailobi ni mbali?"

"Mbali sana, mzee."

"Baiskeli haifiki."

"Haifiki, mzee."

"Vizuri. Basi mtaandikiana."

Andati aliinamisha kichwa upesi, lakini Pascalia aliona: mabega yake, yaliyokuwa juu tangu anawe mikono, yalishuka polepole mpaka mahali pake. Naye akagundua kwamba vidole vyake mwenyewe vimeng'ang'ania ukingo wa meza. Akavilegeza kimoja kimoja.

"Kula sasa," baba yake akaamuru. "Haiwekwi ikapoa."

Pascalia aliichukua firigisi, akaiuma. Rosebella alijiinua kwenye kiti ili aone vizuri.

"Ikoje?"

"Ngumu, mama."

"Tafuna pole pole," Mzee Patroba akasema, akijivutia paja la jogoo. "Uinjinia si ni miaka mitano?"

Pascalia alitafuna, akameza. Kipande kilichobaki hakukirudisha mdomoni. Alikinyoosha kwa mama yake. Rosebella alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa amepata jambo muhimu sana la kutazama kwenye paja la kuku. Basi akakipokea, akakitia kinywani, akafumba macho, akatafuna kwa makini ya mtu anayeonja dawa.

"Mume wangu," alisema hatimaye, "miaka yote hii, kumbe ni hii tu?"

Kicheko kilimtoka Mzee Patroba na mfupa mkononi, kikubwa hata kuku wa nje wakashtuka, na Rosebella akacheka naye, na mgeni akacheka mpaka vumbi la mashavuni likapata mifereji. Katikati ya kelele hiyo Andati aliinua macho na kumtafuta Pascalia. Naye Pascalia alikuwa anamtazama tayari, na mbele ya baba yake, kwa mara ya kwanza, hakuyashusha macho yake.